Kabla Mpira Haujafika

Neno la kwanza nililofundishwa nilipopangwa beki ni "butua". Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wenzangu wote pale Kihonda, Morogoro, na mjomba wangu, aliyekuwa anafundisha timu ya mtaa, aliona urefu ule usiende bure. Akanipa namba tano. Maelekezo yalikuwa mafupi: mpira wa juu wahi kuruka, mshambuliaji usimpe nafasi ya kugeuka, na mpira ukitua miguuni kwako, butua.

Sijawahi kumlaumu kwa neno lile. Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi, goli moja limezungukwa na kokoto, na karibu na kona palikuwa na mfereji uliochimbwa na mvua. Pasi ya mita tano ingegonga jiwe ikamwangukia mpinzani. Mahali kama pale, beki mwenye akili ndiye aliyeupeleka mpira mbali na kwao. Tena mjomba alicheza zile enzi ambazo beki akibanwa alimrudishia kipa, kipa akaudaka kwa mikono, shida ikaisha. Sheria ya kumkataza kipa kudaka pasi ya makusudi ya mguu wa mwenzake ilikuja 1992, yeye akiwa karibu kutundika daluga.

Nikaenda hivyo hivyo hadi kwenye kazi. Mwaka 2017 nilichukuliwa na timu ya vijana ya klabu moja ya Ligi Kuu, na mwaka uliofuata nikasaini mkataba wangu wa kwanza. Mjomba alikuja naye. Alisoma kila ukurasa huku kidole kikifuata mistari, kisha akanisogezea kalamu bila neno. Mechi yangu ya kwanza niliingia dakika za mwisho, tunaongoza bao moja, wenzetu wanamimina krosi. Nilipiga vichwa mpaka paji likawaka moto. Tukashinda. Usiku ule niliamini nimeshakuwa beki.

Juni 2019 sheria ikabadilika. Zamani, kipa akianzisha goli kiki, mpira ulipaswa kutoka kwanza nje ya eneo la hatari ndipo mchezaji mwingine auguse. Sasa beki akaruhusiwa kuupokea humo humo ndani. Kwa mtazamaji hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi uwanja mzima uligeuka. Msimu ule tulipata kocha mpya, na tangu siku ya kwanza akataka timu itoke na mpira nyuma: mabeki wawili wa kati pembeni mwa kipa, mmoja kulia mmoja kushoto, washambuliaji wakisubiri kama simba nje ya mstari.

Mazoezini niliteseka. Mpira ulipoanza safari kutoka kwa kipa, macho yangu yaliganda juu yake na mwili ukaganda pia. Nikiupokea tayari mtu ananipumulia shingoni. Kwenye mechi ya tatu nilipokonywa ndani ya boksi letu, tukafungwa. Baada ya hapo nikakaa benchi miezi mingi. Kocha hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipopewa ule mpira, nyuma yako kulikuwa na nani?" Sikujua.

Machi 2020 ligi ikasimama kwa ajili ya korona, nami nikarudi nyumbani. Nilidhani mjomba angeniambia nirudi kwenye kubutua. Nilipomsimulia swali la kocha alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kesho alfajiri, ukutani."

Ukuta ule wa nyuma ya nyumba, wa tofali za kuchoma, naukumbuka kuliko viwanja vingi nilivyocheza. Nilipiga mpira ukutani nikingoja urudi. Mjomba alisimama nyuma yangu, mara bega la kulia mara la kushoto, akiinua vidole. Kabla mpira haujanifikia nilitakiwa kutaja idadi. Siku za mwanzo nilitaja kwa kubahatisha, au nikaviona vidole na mpira ukapita chini ya soli. Kumbe hofu yangu haikuwa kwa mshambuliaji. Niliogopa kuuacha mpira kwa macho hata kwa nusu sekunde, nikiamini nisipoutazama utanitoroka. Ilinichukua wiki kadhaa kujua kwamba mpira ukishapigwa una njia yake, na muda huo wa safari ni wangu: nitazame nyuma mara moja, nirudi, nitazame tena, nisimame ubavu, niupokee kwa mguu wa mbali ili pasi inayofuata iwe mbele yangu. Mjomba naye akawa anaongeza. Vidole vikawa vya mikono miwili. Kisha akawa anahama kimya kimya, niseme na upande aliopo.

Ligi iliporejea Juni, nilirudi kambini na tabia mpya ya shingo. Januari 2021 nikasikia Dickson Job ametoka Mtibwa Sugar, timu ya mkoani kwetu, amesajiliwa Yanga. Job ni beki wa kati na si mrefu. Habari ile ilinigusa kuliko usajili wowote wa wakati ule, kwa sababu maisha yangu yote watu walinipima kwa sentimita. Nikaanza kumfuatilia kwa makini: anavyofika kwenye mpira mapema, anavyoutoa bila papara.

Mechi iliyonirudisha kikosini ilichezwa Uwanja wa Jamhuri, mvua imekatika muda si mrefu, milima ya Uluguru imefunikwa na ukungu. Mjomba alikuwa jukwaani. Kipindi cha pili tulipata goli kiki, kipa akanitazama, nikanyoosha mkono kuomba mpira. Nilitazama nyuma mara mbili. Mshambuliaji wao alishaanza kukimbia. Nikauacha mpira upite mbele ya mwili, nikaugusa kwa mguu wa kushoto, yeye akapita na kuteleza kwenye majani, nami nikampa kiungo wetu aliyekuwa peke yake katikati. Jukwaa zima lilikuwa limepiga kelele, "Butua!"

Baada ya mechi nilimkuta mjomba getini, kanzu yake imelowa magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba." Akanishika bega. "Yule jamaa wa nyuma yako, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Lini?"

"Kipa hajaupiga bado."

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua begi langu la daluga, akalitia begani mwake, tukaanza kutembea kuelekea stendi.