Kilima cha Moyo Safi: Chuo Kilichofundisha Wasichana Kuona

Leo tunasafiri mbali, hata upande wa magharibi wa Marekani, katika jimbo la California. Huko, karibu na bahari kuu ya Pasifiki, uko mji mkubwa wa Los Angeles. Waspania waliouanzisha mwaka 1781 waliuita kwa jina la Mama yetu Maria, Malkia wa Malaika. Jina lile lilikuwa refu, watu wakalikata, wakabaki malaika peke yao; ndiyo maana ya neno Los Angeles. Siku hizi wengi wanaujua mji huu kwa sababu ya mtaa wake wa Hollywood, wanakotengeneza sinema. Sisi hatuendi kutazama waigizaji. Twendeni kwenye njia panda ya barabara mbili, Western na Franklin, chini ya vilima, palipokuwa na chuo kidogo cha wasichana Wakatoliki.

Tunakwenda huko kwa ajili ya swali linaloulizwa hata katika vijiji vyetu. Binti amemaliza shule. Anasema anapenda kuchora. Baba anauliza: Je, kuchora kutamlisha? Mama naye anafikiri ya kuwa ni mchezo wa watoto. Wazazi hawa hawana ubaya wowote. Ada hutoka jashoni. Basi tuone jinsi Masista wa kilima kile walivyolijibu swali hilo kwa kazi.

MASISTA WA MOYO SAFI

Shirika la Masista wa Moyo Safi wa Maria lilianza Hispania mwaka 1848. Mwaka 1871 baadhi yao walivuka bahari, wakafika California kufundisha watoto. Mwaka 1906 walifungua shule ya wasichana katika kilima hicho, na mwaka 1916 wakaanza chuo cha masomo ya juu.

Katika madarasa yake waliketi pamoja wanafunzi wa namna mbili. Wa kwanza ni mabinti waliotoka kwa wazazi wao. Wa pili ni Masista vijana waliokuwa wakifundisha katika shule za parokia. Hao walifundisha watoto juma zima, na siku ya Jumamosi na wakati wa likizo wakaja chuoni kusoma wao wenyewe. Kwa njia hiyo wengine walichukua miaka mingi sana kupata digrii. Haba na haba hujaza kibaba.

Mmoja wa Masista hao aliitwa Sista Mary Corita. Alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa Fort Dodge, jimbo la Iowa, akaitwa Frances Elizabeth Kent. Wazazi wake walihamia Los Angeles angali mtoto, na mwaka 1936, hajatimiza bado miaka 18, aliingia utawa. Alisoma katika chuo hicho hicho hata mwaka 1941, akatumwa Kanada kufundisha watoto wadogo, na mwaka 1947 akaitwa arudi kilimani afundishe sanaa.

KAZI YA HARIRI NA RANGI

Mkubwa wa idara ya sanaa siku zile alikuwa Sista Magdalen Mary. Sista huyu alikusanya vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu wa kawaida wa nchi nyingi, ili wanafunzi waelewe ya kwamba uzuri haukai katika majumba ya wafalme tu. Mkono wa mfinyanzi na wa msusi wa ukili nao una elimu yake.

Sista Corita alijifunza ufundi wa kuchapa picha kwa kitambaa cha hariri. Alifundishwa na mjane wa Alfredo Ramos Martínez, mchoraji wa Meksiko. Kazi yenyewe ni hivi. Unachukua fremu ya mti, unaiwamba kwa kitambaa chembamba cha hariri, kama ngoma inavyowambwa ngozi. Mahali usipotaka rangi ipite unapaziba. Unaweka karatasi chini, unamimina rangi juu ya kitambaa, kisha unaivuta kwa kipande cha mpira chenye mpini. Rangi inapenya palipo wazi tu. Kama picha ina rangi tano, unarudia mara tano, ukingoja kila rangi ikauke. Ni kazi ya subira, wala haitaki haraka.

Faida yake ni kwamba fremu moja hutoa picha nyingi, kwa hiyo bei huwa ndogo, hata mtu asiye tajiri aweza kununua. Sista Corita aliipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1952 picha yake iliyopewa jina la maneno ya Malaika Gabrieli, "Bwana yu nawe", ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya sanaa huko California. Katika maisha yake alitengeneza picha za namna hii karibu aina 800. Kwa kuwa siku za shule alikuwa darasani, nyingi alizichapa wakati wa likizo.

Baadaye alianza kuandika maneno ndani ya picha: ya Injili, ya washairi, hata ya matangazo ya biashara. Akina mama wa kwetu hawatastaajabu. Kanga ina pindo, ina mji, na chini yake ina jina. Maua yasema na maneno yasema. Mwanamke huchagua kanga kwa macho, akaisoma, ndipo akatoa fedha. Picha za Sista Corita zilikuwa za ukoo huo: mapambo na ujumbe katika kitu kimoja.

KUTAZAMA SI KUONA

Lakini kazi kubwa ya Sista huyu ilikuwa kufundisha. Hakuanza na kalamu. Alianza na macho. Kila mwanafunzi alichukua kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa tundu dogo la mraba katikati. Kisha Sista akawatoa nje. Wakati mwingine waliingia katika duka kubwa la vyakula lililokuwa karibu na chuo. Mwanafunzi aliliweka tundu mbele ya jicho moja, akatazama makopo, maboksi, mabango ya bei. Kwa kuwa tundu ni dogo, vitu vingine vyote vilifichika, akabaki na kipande kimoja tu: kona ya herufi nyekundu, au kivuli cha kikapu. Hapo ndipo msichana alipoona kitu ambacho amepita mbele yake mara mia bila kukiona.

Ndugu msomaji, jambo hili halihitaji fedha. Toboa kipande cha boksi, umpe mtoto, mwambie atazame ganda la mwembe, au mkono wa bibi yake anapochambua mchele. Mwache atazame kitambo, kisha mwulize ameona nini.

Kazi alizotoa Sista zilikuwa nyingi na nzito. Hakutaka picha moja nzuri. Alitaka michoro mingi, maswali mengi, majaribio mengi. Aliamini ya kuwa mtu akifanya machache hukaa akiyahukumu, lakini akifanya mengi hana nafasi ya kuogopa. Kanuni kumi zilizobandikwa katika idara yake mnamo mwaka 1968 zasisitiza jambo lilo hilo: kwamba ni kazi ndiyo imfikishayo mtu mahali, na kwamba wakati wa kuumba si wakati wa kusahihisha. Fundi mashuhuri wa viti na majumba, Charles Eames, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokuja kuzungumza na wasichana hao.

MKATE NA NYANYA

Mwaka 1962 Sista Corita alitengeneza picha iliyozua maswali. Huko Marekani upo mkate wa dukani uitwao Wonder Bread. Karatasi yake ina madoa ya mviringo ya rangi za kung'aa. Sista aliyachukua madoa yale, akayapanga 12, yakawa kama hostia. Alitaka kusema ya kuwa mkate wa mezani na Mkate wa altareni havitengani kama tudhanivyo. Bwana wetu mwenyewe alitwaa mkate wa kawaida.

Mwezi wa Mei mwaka 1964 Masista waligeuza maandamano ya Siku ya Maria chuoni. Zamani yalikuwa ya kimya na mavazi meusi. Mwaka ule wasichana walivaa maua vichwani, wakabeba bendera za rangi na picha za vyakula zilizotoka katika matangazo ya maduka, ili kufurahi pamoja na Mama Maria na kuwakumbuka wenye njaa. Mwaka huo huo Sista alichapa picha iliyomsifu Bikira Maria kwa maneno ya tangazo la nyanya za kopo, akimwita nyanya iliyojaa utamu kupita zote.

Wengine walifurahi, wakasema: Mama Maria ni Mama wa nyumbani, anajua sufuria na kikapu. Wengine walikwazika sana, wakaona heshima ya Mama wa Mungu imeshushwa. Askofu Mkuu wa Los Angeles, Kardinali James Francis McIntyre, hakupendezwa na mambo ya idara hiyo. Na hatuwezi kuwacheka waliokwazika, maana jina la Mama yetu ni kitu kitakatifu. Wala hatuwezi kusema Sista alidharau. Kila upande ulimpenda Maria, nao haukuelewana na mwenzake.

MAVUNO NA MACHOZI

Katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofunguliwa New York mwaka 1964, jengo la Vatikano lilipambwa kwa bendera ya Sista Corita yenye urefu wa futi 40, iliyoandikwa zile Heri Nane. Sifa zilienea. Barua zikawa nyingi, safari nyingi, hotuba nyingi, na juu ya hayo yote madarasa yakamngoja. Usingizi ukampotea.

Wakati huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umewaagiza watawa wayatazame upya maisha yao. Mwaka 1967 Masista wa Moyo Safi walikata shauri kubadili mambo mengi: mavazi, ratiba ya sala, hata namna ya kutuma walimu shuleni. Kardinali hakukubali, na ugomvi ukawa mkubwa. Mwaka 1968 Sista Corita, karibu kutimiza miaka 50, aliondoka kilimani, akaacha utawa, akahamia Boston. Mwaka 1970 Masista zaidi ya 300 waliachana na nadhiri zao, wakaunda jumuiya ya walei. Wachache walibaki watawa kama awali. Ilikuwa huzuni kwa wote, na kwa watoto wa shule waliowapoteza walimu wao.

Chuo nacho kilipungukiwa na fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilifungwa.

KILICHOBAKI

Ukisimama leo penye njia panda ile, utakuta majengo ya chuo yamekuwa shule ya watengeneza sinema. Shule ya sekondari ya wasichana ingalipo karibu yake. Ng'ambo ya barabara kipo kijumba cha kawaida, ambamo Sista Corita na wanafunzi wake walichapa picha. Kilitaka kubomolewa ili kiwanja kiwe maegesho ya magari ya wanunuzi, lakini mwaka 2021 mji ulikiweka katika orodha ya majengo ya kumbukumbu.

Corita mwenyewe hakuacha kazi. Mwaka 1971 tangi kubwa la gesi huko Boston lilipakwa upinde wa mvua aliouchora. Mwaka 1985 posta ya Marekani ilitoa stempu yake yenye neno upendo; zilinunuliwa zaidi ya milioni 700. Alifariki kwa kansa mwaka 1986.

Sasa turudi kwa baba na swali lake. Wasichana wengi wa kilima kile hawakuwa wachoraji wa kusifiwa. Walikuwa walimu na akina mama wa nyumbani. Masista vijana waliojifunza Jumamosi walirudi Jumatatu kwa watoto wa parokia, wakawafundisha kuona kama walivyofundishwa. Hayo ndiyo mavuno ya chuo kidogo, na kufungwa kwa mlango hakukuyachoma.

Basi mzazi, binti yako akikuambia anapenda kuchora, usimjibu upesi. Mwulize kwanza ameona nini. Ukikuta ana macho ya kuona alichokiumba Mungu, na mikono isiyochoka, ujue amepewa talanta. Nasi twajua Bwana alimwambia nini mtumishi aliyeifukia yake ardhini.