Vocha ya Shilingi 200

Jamani, kuna kitu wengi wetu tumekisahau. Kuanzia mwaka 2006 mama mjamzito wa Korogocho au Viwandani aliweza kununua vocha ya shilingi 200 ikamlipia kliniki, kujifungua, hata upasuaji ikilazimu. Hospitali alichagua mwenyewe: ya serikali, ya misheni au ya mtu binafsi. (Pesa nyingi zilitoka kwa Wajerumani.) Yule mama alikuwa mteja, maana karatasi aliyoshika ilikuwa pesa.

Mwaka 2017 Linda Mama ikaja chini ya NHIF, bure, na hospitali binafsi zikaingia. Safi kabisa. Ila waliozalisha walikaa wakingoja malipo. Oktoba 2024 SHA ikachukua usukani: 10,000 kwa kuzaa kawaida, 30,000 kwa upasuaji, lakini sharti mama awe amelipa mchango. Februari 2025 hospitali za chama cha RUPHA zikasitisha huduma za mkopo kwa wanachama wa SHA zikidai pesa zao.

Wenzangu kazini husema hao wa binafsi ni wafanyabiashara tu. Sawa, ni wafanyabiashara! Lakini muuguzi mwenye kliniki ya vitanda vinne mtaani, anayefungua mlango saa nane usiku, hununua glavu kwa pesa taslimu. Serikali ikimkopa, naye atamdai mama.

Ukinitangulia kwenye mkutano wa wanahabari pale Afya House, niulizie hili tu: mtoto akizaliwa leo, kliniki italipwa lini?