Mashujaa Wanne Ndani ya Boksi Moja

Ofisini kwangu, nyuma ya rundo la vitabu vya majibu ya mitihani ambavyo bado sijavisahihisha, yamepangwa maboksi kumi na moja ambayo wanafunzi wakiyaona hutabasamu kwa adabu kisha huangalia pembeni. Ndani yake mna sanamu ndogo za mashujaa wa hadithi za katuni za Kimarekani: Spider-Man, Captain America, Black Panther na wenzao. Sizinunui moja moja. Ninakusanya seti, yaani boksi lenye sanamu nne, tano au zaidi, zilizobanwa kwenye plastiki angavu mithili ya abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Mwenzangu mmoja idarani aliwahi kuniuliza, "Dokta, mtu mzima unacheza na wanasesere?" Swali hilo, ndugu msomaji, limewahi kufika mahakamani. Kampuni ya Hasbro ilipotoa askari wake G.I. Joe mwaka 1964, ilikwepa kwa makusudi kumwita mwanasesere, ikihofia kwamba wazazi wasingewanunulia watoto wa kiume kitu chenye jina hilo. Likabuniwa jina jipya na biashara ikashamiri. Baadaye ikaja hoja ya ushuru. Sheria ya forodha ya Marekani ilitoza asilimia 12 kwa wanasesere, yaani maumbo yanayowakilisha binadamu, na asilimia 6.8 kwa vichezeo vingine. Kampuni ya Toy Biz ikaenda mbele ya Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo kudai kwamba mashujaa wake, wakiwamo wale wa X-Men, si binadamu. Mwaka 2003 Jaji Judith Barzilay akaikubalia.

Anayewafahamu X-Men atashangaa. Tangu Stan Lee na Jack Kirby walipowabuni mwaka 1963, kilio chao ni kimoja tu: kwamba wao, pamoja na tofauti za maumbile yao, ni watu na wanastahili kutambuliwa hivyo. Na Toy Biz haikuwa kampuni ya mbali. Ilikuwa sehemu ya Marvel yenyewe, mwenye hadithi. Msomaji aliambiwa kwamba hawa ni ndugu zake, huku jaji akiambiwa kwamba ni viumbe wengine. Utu wao ukathaminiwa kwa tofauti ya asilimia 5.2. Kila muhula hutumia mfano huu darasani ninapofundisha jinsi sheria inavyoamua nani ahesabiwe kuwa mtu, na mara zote ukumbi unaamka.

Seti nayo ina siasa yake. Mtumishi wa umma aliyewahi kuusoma muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali ataielewa mara moja. Kifungu unachokitaka kimefungwa pamoja na vifungu vitatu usivyovihitaji, nawe huna ruhusa ya kuchambua. Kampuni humweka shujaa mmoja adimu, ikamzungushia wengine waliotoka kwenye kalibu ileile ya zamani wakapakwa rangi mpya. Ninalijua hilo. Ninanunua hata hivyo, na sina utetezi wa maana.

Boksi la kwanza nililinunua mwaka 2012, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Uingereza. Lilikuwa na Captain America, Iron Man, Thor na Hulk, kwa pauni arobaini na tano. Wiki hiyohiyo baba alipiga simu kutoka kijijini. Hakuwa mtu wa kuomba. Alizungumzia mvua, akamzungumzia jirani, kisha akagusia kwamba dawa zake za shinikizo la damu zilikuwa zimepanda bei. Nilimtumia pauni ishirini nikasema posho imechelewa. Posho haikuwa imechelewa. Akanijibu, "Asante mwanangu, najua umejinyima." Alifariki mwaka 2014. Boksi lile sikulifungua kamwe. Waliokuwa wakiniuliza niliwaambia kwamba sanamu ikitolewa kwenye boksi hupoteza thamani, jambo ambalo wakusanyaji wote husema na ambalo ni kweli.

Mwezi uliopita binti yangu mwenye umri wa miaka tisa alikuja ofisini baada ya shule. Akayapanga maboksi sakafuni, akahesabu, kisha akauliza, "Baba, wasichana wako wapi?" Nilimsimulia juu ya filamu ya mwaka 2015 ambamo Black Widow anaruka na pikipiki kutoka kwenye ndege, na jinsi kichezeo cha tukio hilo kilivyouzwa kikiwa na Captain America juu ya pikipiki badala yake. Akafikiri kidogo. "Sasa wao walifikiri hatutaona?" Sijawahi kupata swali bora kwenye semina ya uzamili.

Kisha akalishika boksi la kwanza. Akataka kujua kwa nini limejaa vumbi, na kama babu yake aliwahi kuliona. Nilimwambia hapana. Akauliza kwa nini. Nilianza kumweleza habari za thamani ya sanamu zisizofunguliwa, nikasikia sauti yangu ikisema "posho" na nikanyamaza. Nikamwambia ukweli wote, mpaka kiasi cha pesa. Alisikiliza bila kunitazama, akikwangua gundi ya kifuniko kwa ukucha.

"Nifungue?" akauliza.

Nikampa mkasi. Plastiki ilikuwa imekauka, ikapasuka kwa mlio mkali. Hulk alitoka salama. Captain America alitoka na goti lililolegea, hawezi kusimama, na tangu siku hiyo ameegemezwa kwenye kikombe changu cha kalamu.