Mita Kumi za Waya

Multimita nyingi za bei nafuu, ukigusanisha ncha zake mbili, hazisomi sifuri. Yangu husoma omu 0.4. Ukibana kwa nguvu inashuka hadi 0.3, ukilegeza inapanda. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, pamoja na wa pale ncha zinapogusana. Kwa fundi redio anayepima rezista ya omu 1000, hiyo si kitu. Mimi nilitaka kupima kitu chenye ukinzani usiofika hata 0.1.

Kitu chenyewe kilikuwa waya. Mama anajenga Mbagala, chumba kwa chumba, kwa hela za vikoba. Alikuwa amenunua roli za waya wa 2.5 kwa ajili ya soketi, boksi limeandikwa kuwa ni shaba, na fundi alikwishaupitisha kwenye vyumba viwili. Nilipoishika roli niliona nyepesi.

"Waya za siku hizi ndivyo zilivyo, mwanangu," fundi akaniambia.

Huenda. Lakini birika la wati 2000 huvuta karibu ampea 9, na ukinzani ukizidi kwenye waya, joto huzidi ndani ya ukuta ambako hakuna anayeliona.

Mashaka ya namna hii ni ya zamani. Mwaka 1857 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipima shaba za viwanda mbalimbali wakati wa maandalizi ya nyaya za telegrafu za chini ya bahari. Kwa macho zote zilikuwa shaba. Kwa umeme zilitofautiana mno. Waya wa telegrafu ulifika Zanzibar mwaka 1879. Jina la Kelvin limebaki kwenye njia niliyoifuata: kupima kwa nyaya nne badala ya mbili.

Nilihitaji kwanza mkondo usioyumba. Nilitumia LM317, chipu ya miguu mitatu ambayo kazi yake ya kila siku ni kutuliza volteji. Kati ya mguu wa kutolea umeme na ule wa kurekebishia, hung'ang'ania volti 1.25. Ukiweka rezista kati ya miguu hiyo, mkondo unakuwa 1.25 gawanya kwa omu za rezista, hata kama unachokipima kitabadilika. Niliunga sambamba rezista kumi za omu 12, nikapata omu 1.2, yaani ampea 1.04 hivi. Umeme ulitoka kwenye chaja ya simu ya volti 5. Chipu inachemka, kwa hiyo niliifunga kwa skrubu kwenye kipande cha fremu ya dirisha la aluminiamu.

Nyaya mbili zinapeleka mkondo. Mbili nyingine, za mita iliyowekwa kwenye milivolti, zinagusa waya unaopimwa, ndani ya zile za kwanza. Hizi karibu hazipitishi mkondo, hivyo ukinzani wake hauli kitu. Ile 0.4 yangu ipo palepale, ila haina pa kuingilia.

Mita kumi za waya wa shaba wa 2.5, kwa viwango vya kimataifa, hazitakiwi kuzidi omu 0.074 kwenye nyuzi 20. Mbagala mchana ule ilikuwa nyuzi 30, na joto hilo huongeza ukinzani wa shaba kwa asilimia 4 hivi. Nilitarajia milivolti 80. Mita ilisoma 124.

Fundi, mtu mzima aliyeanza kufunga umeme kabla sijazaliwa, hakubabaishwa na hesabu. "Kidude umekitengeneza mwenyewe. Nitajuaje kama hakidanganyi?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu alikuwa nalo yeye. Nyumbani kwake kulikuwa na masalia ya waya wa 2.5 wa kazi ya zamani. Tukapima mita kumi: 79. Tukarudia wa mama: 124. Tukarudi kwa wa zamani: 79. Akachomoa kisu, akakwangua waya wa mama. Chini ya wekundu kulikuwa na weupe. Aluminiamu iliyovikwa shaba.

Mama aliuliza moja tu: "Unaweza kuunguza nyumba?" Nikamwambia utapata moto kuliko inavyotakiwa, hasa kwenye maungio. Akasema utolewe. Dukani walimwonyesha maandishi chini ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Chumba cha tatu kitasubiri mzunguko mwingine wa vikoba.

Fundi alikaa juu ya tofali akikunja ule waya. "Sijui nyumba ngapi nimeupitisha huu," akasema, na hakuwa akiniambia mimi.

Kidude sasa kiko kwake. Nilimwachia na zile mita kumi za shaba, nikamsihi kila asubuhi aanze kupima hizo kabla ya waya wa mtu yeyote. Juzi alinipigia akiwa Chamazi, kwenye nyumba aliyoimaliza mwaka jana. Alinisomea namba mbili. Ya kwanza ilikuwa 79.