Rosemary Clooney Baada ya Wodi

Jina Clooney wengi hapa chuoni tunalijua kwa yule mwigizaji, George. Mimi namwongelea shangazi yake, Rosemary, tena ule utu uzima wake.

Mwaka 1951 alivuma Marekani kwa wimbo "Come On-a My House". Mwenyewe hakuupenda hata kidogo. Mitch Miller, bosi wake pale Columbia, alimwambia aurekodi au kazi hana. Akarekodi, ukashika namba moja. Mwaka 1968 alikuwepo kwenye hoteli ya Los Angeles usiku ambao Robert Kennedy, rafiki yake, alipigwa risasi. Mwezi uliofuata akavurugikiwa jukwaani huko Reno, akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili.

Nina mwenzangu wa chumbani aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa wa namna hiyo. Karudi muhula huu. Kwenye korido nasikia, "Si alidisko yule?" Hakudisko, jamani. Aliumwa, akatibiwa. Na wanaonong'ona ni sisi sisi wa ualimu, tuliosoma saikolojia ya elimu na kupata A zetu.

Clooney naye hakurudi kwa kishindo. Aliimba kwenye vikumbi vidogo mpaka 1976, Bing Crosby alipomchukua kwenye maonyesho yake. Mwaka 1977, akiwa karibu na miaka 50, akaanza kurekodi na Concord Jazz, kampuni ndogo ya California. Mwaka huohuo akatoa kitabu na kuusimulia ugonjwa wake wazi. Alibaki Concord mpaka alipofariki 2002, karibu kila mwaka albamu. Alitoa albamu nzima ya nyimbo za Cole Porter, nyingine ya Irving Berlin. Yaani sasa anaimba anachokipenda.

Zitafuteni hizo rekodi. Sauti imekuwa nzito, pumzi imepungua, hivyo hakimbizani na noti za juu. Anatamka kila neno kama anaongea na mtu mmoja mezani, na saksafoni ya Scott Hamilton inamjibu taratibu. Mimi naziona nzuri kuliko za ujanani, na sisemi hivyo kwa kumhurumia.

Mwenzangu nilimwekea moja usiku wa juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema huyu mama haigizi, kisha akarudi kwenye andalio lake la somo. Mwezi wa saba tunakwenda field. Yeye atafundisha hesabu, kidato cha pili.