Bati Moja
Kwa maghorofa, sheria ya 2008 inawataka wamiliki wa sehemu za jengo wawe na chama na kanuni zao. Nyumba yetu ya kupanga hapa Bariadi ina karatasi ukutani: redio mwisho saa nne usiku. Vyumba sita, bati moja, kuta hazilifikii. Nikiandika tasnifu namsikia jirani akikoroga chai.

Juzi kijana wa chumba cha pili alifokewa kwa singeli. Usiku huohuo, chumba cha tano, mke alipigwa. Kimya.

“Hayo ya ndani, mdogo wangu,” mama mmoja aliniambia bombani.

Nikamwomba mwenye nyumba aongeze mstari.

“Andika mwenyewe, msomi.”

Nikaandika namba ya dawati la jinsia, polisi. Hakuna aliyeibandua.