Kaptula, Suruali na Mtihani

Magomeni tulikokulia, utoto wa kiume ulipimwa kwa kaptula. Miaka saba ya shule ya msingi ni shati jeupe na kaptula ya bluu, hata kama ndevu zimeanza kuchungulia. Suruali ndefu ilikuja na kidato cha kwanza, basi.

Marekani nako walikuwa na utaratibu wao. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa kiume alivishwa gauni kwanza, kisha akifika miaka minne hadi saba hivi anavuliwa. Hata Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa ndani ya gauni. Ila kule umri ulitosha. Kwetu kulikuwa na mtihani katikati.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, mimi nilichaguliwa, jamaa tuliyekaa dawati moja hakuchaguliwa. Mama alinipeleka Kariakoo, akaninunulia suruali mbili za sare, pana na ndefu: "Utakua tu." Jamaa naye akaenda Kariakoo, kubeba mizigo. Haikupita muda, akakatiza mtaani na jinzi ya mtumba, kanunua kwa hela yake. Kijiweni wakaanza kumwita "braza". Mimi bado "dogo".

Leo niko chuo, na boom likichelewa, yeye ndiye hunitumia nauli. Wanachuo wenzangu, mtihani ulitugawia sare. Ukubwa haukuwa kwenye ule mtihani.